Maji ya ukungu yala faida ya samaki wa mapambo

Kwa wanaohifadhi samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika kabla ya kuwasafirisha, hasara huanzia kwenye tangi. Samaki aliyefika kwa mnunuzi amekufa hana bei.

Tangi jipya la lita 1,000 likigeuka jeupe kama maji yaliyooshea mchele siku chache baada ya kuwekwa samaki, mara nyingi ni bakteria walioongezeka ghafla. Ukungu wenyewe si hatari sana; kinachoua ni amonia inayojikusanya wakati huo huo. Samaki hawa wamezoea maji yenye pH inayokaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa sumu kali zaidi.

Wengi hukimbilia kumwaga maji yote na kusugua chujio kwa maji ya bomba. Hiyo ni gharama ya bure. Klorini huua bakteria wanaoondoa amonia, nao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga upya. Afadhali kupunguza chakula, kuongeza hewa, kubadilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na klorini, na kupima amonia kila siku. Shehena mpya isubiri mpaka kipimo kionyeshe sifuri.

Maji yakiwa ya kijani, huo ni mwani: ziba jua.