MOTERI IKIKATAA KUWAKA KATIKATI YA ZIWA

Ndugu mfanyakazi, konji yako imefika. Wewe, bibi na watoto mumeshuka mpaka Kilwa, na sasa muko ndani ya mashua ya moteri kwenye Ziwa Moero, munaelekea kwa wazee. Pwani imekwisha kuwa mbali. Mara moteri inakohoa, kisha inanyamaza. Mwenye mashua anavuta kamba: kimya. Mutafanya nini?

Kazini tumefundishwa: mashini ikisimama, linda watu kwanza, kisha tafuta kosa. Ziwani sheria ni ile ile.

KWANZA, WATU

Kila mtu akae chini, mahali pake. Wote wakikimbilia nyuma kutazama moteri, mashua inalemewa na maji yanaingia. Vaeni majile ya kuelea, watoto kwanza.

Mashua isiyo na moteri hugeuka ubavu kwa mawimbi, na hapo ndipo inapopinduka. Kwa hiyo tupeni nanga, na kamba yake ifungwe mbele, hapana nyuma: nyuma pana uzito wa moteri, na wimbi litaingia. Katika Ziwa Moero maji si marefu sana, nanga inaweza kufika chini. Lakini Ziwa Tanganyika, kwa wale wanaokwenda Kalemie ao Moba, lina mahali penye kina cha metre 1 470. Huko fungeni ndoo kwa kamba ndefu, muitupe majini kutoka mbele. Itavuta mashua ielekeze uso wake kwa mawimbi.

PILI, KOSA

Moteri inataka vitu vitatu: esansi, hewa na moto wa buji. Anza na mambo rahisi.

1. Kamba ndogo ya usalama, ile inayozima moteri dereva akianguka: je, imechomoka? Ikichomoka, moteri haiwaki hata ukivuta mpaka jioni.

2. Vitesi iko katikati? Isipokuwa katikati, usivute.

3. Visi ya hewa juu ya kifuniko cha bidoni ya esansi imefunguliwa? Ikifungwa, moteri inatembea kidogo, kisha inakufa kwa njaa ya esansi.

4. Mpira wa esansi umekunjwa, ao mtu ameukanyaga? Unyooshe, halafu finya pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

5. Unasikia harufu kali ya esansi? Moteri imekunywa kupita kiasi. Rudisha starteri, ngoja dakika 10, fungua gazi, vuta tena.

6. Bado? Toa buji. Ikiwa nyeusi ao yenye maji, weka mpya.

7. Mimina esansi kidogo katika chupa safi. Maji yakiwamo, yatakaa chini na esansi juu. Esansi ya namna hiyo haifai, tumieni ya akiba.

TATU, MAKATAZO

Usivute sigara, usiwashe kiberiti. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: unashuka na kukaa chini ya mashua, pale penye miguu ya watoto. Kwa sababu hiyo pia usijaribu moto wa buji hadharani, na usimimine esansi katika kinywa cha moteri.

Kabla ya kuvuta kamba, tazama nyuma yako. Kiwiko cha baba kinaweza kuvunja meno ya mtoto.

Kamba ya kuwashia ikikatika, wengine wanafungua kifuniko na kuzungusha kamba nyingine juu ya gurudumu la moteri. Hiyo ni kazi ya mwenye kuijua. Shati lenye kuninginia na kitenge vikae mbali, maana gurudumu likianza halisamehe.

Na usiruke majini ili kuogelea mpaka pwani. Pwani inaonekana karibu kuliko ilivyo. Hata mashua ikipinduka, ishikeni: mashua ya mbao kwa kawaida inaelea, na inaonekana na waokozi kuliko kichwa cha mtu.

Ukimaliza hayo yote bila mafanikio, acha. Usimalize nguvu zako kwa kamba. Shika kasia, piga filimbi, pepea kitambaa cheupe, na usiku tumia tochi. Piga simu kama inashika.

KABLA YA KUTOKA

Pengine utasema: « Mashua si yangu. » Lakini watoto ni wako. Uliza mwenye mashua: buji za akiba ziko wapi, na ufunguo wake? Kasia? Nanga? Kopo la kutoa maji? Majile yanatosha watu wote? Esansi igawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba. Moteri iwashwe na itembee dakika chache pwani, kabla bibi na watoto hawajapanda. Mwambie ndugu mmoja saa ya kutoka na saa ya kufika, ili ajue lini aanze kuwatafuta.

Mashua ikijaa kupita kiasi, ao majibu yakiwa mabaya, shuka. Kufika kesho si aibu.

Wamama, someni ukurasa huu pamoja na mabwana zenu. Kofia ngumu tunaiacha kwenye mgodi siku ya konji. Usalama tunaondoka nao.

USALAMA HAUENDI KONJI!