Je, Wajua? Swali la bustani, jibu la ndoa
Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa chama tawala cha KANU wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, jijini Nairobi. Yeye alizungumzia gharama, na haki ya wakazi kuwa na mahali pa kupumzikia. Bungeni walijadili mengine: shirika lake, Green Belt Movement, likabezwa kuwa kundi la wanawake walioachika. Rais Daniel arap Moi naye akasema mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Talaka, tujuavyo, ni ya watu wawili. Mume aliyeachana na Maathai, Mwangi Mathai, aliwahi kuwa mbunge katika Bunge hilohilo, lakini doa la kuachana likapakwa upande mmoja tu. Mpinzani wa kiume angeitwa kibaraka au mchochezi, maneno makali, ndiyo, ila angalau yanahusu siasa. Mwanamke akaulizwa habari za nyumbani kwake.

Shirika lilifukuzwa katika ofisi zake za serikali. Hata hivyo, wafadhili wa nje wa jengo walijitoa, nalo halikujengwa.