Je, wajua kinachozeeka ndani ya spika kuukuu?

Rumba ikipigwa kwenye spika ya mbao ya mwaka 1978 na maraka zikasikika kama zimefunikwa blanketi, mwenye nyumba wa Ndendere au Nyalukemba, mitaa ya Ibanda mjini Bukavu, hulaumu amplifaya kwanza, kisha kanda, mwisho umri wa bafle lenyewe. Mara nyingi mkosaji ni kijidubwana cha sentimita tatu kilichobandikwa kwa gundi nyuma ya tundu la waya. Fungua skrubu za wufa, sogeza sufi, utaona kibao kidogo chenye koili ya shaba, kizuizi cheupe cha kauri, na kapasita moja au mbili zilizoandikwa NP au BP, yaani hazina chanya wala hasi. Hiyo ndiyo krosova. Ninachodai hapa ni kwamba kazi ya maana kwenye krosova ya zamani ni kuirudisha ilivyokuwa, na kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa kuiboresha ni kuibadilisha tabia bila kupima.

Kazi yenyewe ni ugawaji. Koili huzuia mawimbi ya kasi na kuiachia wufa besi. Kapasita huzuia besi na kuiachia twita sauti nyembamba. Katika krosova rahisi kabisa, yenye twita ya omu 8 na kapasita ya mikrofaradi 4.7, mpaka uko karibu na hezi 4,200. Kapasita za elektroliti zina umajimaji ndani, na umajimaji huo hukauka kadiri miaka inavyopita. Ile ya 4.7 ikishuka hadi 3.3, mpaka unapanda hadi kama hezi 6,000, na wufa haipandi nao. Kati yao linabaki shimo. Ukinzani wa ndani ya kapasita nao huongezeka: omu 2 za ziada mbele ya twita ya omu 8 huipunguzia nguvu kwa karibu desibeli 2. Gitaa la solo kwenye sebene halipotei, kwa kuwa noti zake za msingi ziko chini sana ya hapo. Kinachopotea ni mkwaruzo wa kidole kwenye uzi, maraka, na zile s na sh zinazotuwezesha kuyashika maneno ya mwimbaji.

Wapo watakaosema kwamba kapasita za filamu za bei kubwa huleta sauti safi zaidi, na kwamba wameisikia tofauti kwa masikio yao. Siwabishii kwamba wameisikia. Kapasita mpya ya filamu ina ukinzani mdogo mno wa ndani, hivyo twita hupaza sauti kuliko hata ilipotoka kiwandani, na sikio hupenda kuita mwangaza huo usafi. Njia ya kuamua ni rahisi: badilisha spika moja tu, ipige sambamba na ya pili kwa wimbo uleule wa mono, kisha ongeza kizuizi cha nusu omu hadi omu moja mbele ya ile kapasita mpya. Ule usafi ukitoweka, ulikuwa desibeli tu. Desibeli hizo si jambo dogo: mafundi wa studio waliotumia Yamaha NS-10M, iliyotoka mwaka 1978, walifikia hatua ya kuning'iniza karatasi ya chooni mbele ya twita ili kuipunguzia makali.

Hoja nyingine ni ya kuitupa krosova nzima na kuweka ile iliyo tayari ya dukani, iliyoandikwa hezi 3,000. Hapa ndipo watu huharibu spika nzuri. BBC waliunda katika miaka ya 1970 spika ndogo iitwayo LS3/5A, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Krosova yake haikuishia kugawa sauti. Ilinyoosha pia nundu ya wufa ya KEF B110 na kushusha twita ya T27 ilingane na wufa hiyo. Spika ya nyumbani huenda haina heshima ya hiyo, lakini mantiki ni ileile: kibao kile kilipimwa pamoja na wufa ile, twita ile na sanduku lile. Hata kuweka koili ya waya mnene ni kuvuruga, kwa sababu ukinzani wa koili ya zamani ulikuwa ndani ya hesabu.

Umeme wa Bukavu nao una sehemu yake, ingawa si ile inayodhaniwa. Krosova haijui kama umeme umeshuka. Amplifaya ndiyo inayojua: ikikosa nguvu huku sauti ikipandishwa, hukata vilele vya mawimbi, na joto la ziada huishia kwenye twita. Kwa hiyo kabla ya kugusa lehemu, pima twita kwa mita. Ya omu 8 huonyesha kama 6. Isipoonyesha chochote imeungua, na kapasita ya dhahabu haitaifufua.

Itasemwa kwamba Ibanda hakuna duka la kapasita za spika. Zile za feni zinatosha: nyingi ni za filamu, hazina chanya wala hasi, na thamani huchapwa ubavuni. Hapa mita 1,500 juu ya bahari feni si bidhaa ya kukimbiliwa, lakini ya 2.2 na ya 2.5 zikiungwa sambamba hutoa 4.7 kamili. Epuka tu zile za kuwashia mota, ambazo mara nyingi ni elektroliti tena. Na kama kuna elektroliti za kawaida pekee, mbili za mikrofaradi 10 zikifuatana, hasi kwa hasi, hufanya kazi kama moja ya 5 isiyo na upande. Si nzuri kama filamu, na fundi mwangalifu atazipima kwanza, maana huweza kupotoka kwa asilimia 20. Zile za zamani zifungwe kwa utepe zibaki ndani ya sanduku, ili atakayelifungua baadaye azione thamani zilizoandikwa na kiwanda.