Uchovu Baada ya Korona si Uvivu

Kupona Korona si lazima iwe mwisho wa maradhi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ambayo kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu mtu augue, dalili zikidumu si chini ya miezi 2 bila ya sababu nyengine: uchovu mkali, pumzi kubana, kusahau. Kwa baadhi ya watu, hata kufua nguo chache huzidisha uchovu siku ya pili yake.

Basi tusimwite mgonjwa mvivu. Apumzike kabla hajachoka, na apelekwe kwa daktari, kwani kifua kuuma au pumzi kukatika huenda yakawa maradhi mengine. Asiyeweza kusimama, sheria imemruhusu kusali amekaa.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.