HUZUNI ISIYOISHA NI UGONJWA, NAO UNATIBIKA

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa ambao hauonekani kwa macho, wala haupimwi kwa damu, lakini humlaza mtu kitandani kama malaria. Ni huzuni ya kupita kiasi, ambayo wataalamu huiita sonona. Mara nyingi huandamana na wasiwasi usiotulia.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba hujengwa upya, lakini moyo wa aliyefiwa hupona polepole. Na wapo wengine, Nangwa na kwingineko, ambao tope halikuwafikia ila wana mzigo wao: mifugo iliyokufa kwa ukame, ugomvi wa shamba, mume aliyeondoka bila kurudi.

Utaujuaje ugonjwa huu?

Kumlilia marehemu si ugonjwa. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hana raha wala hamu ya kazi aliyoipenda, hapati usingizi, chakula hakimpiti, anachoka bila sababu, anajiona hafai au anawaza kufa, huyo ni mgonjwa. Mwenye wasiwasi moyo humwenda mbio, huogopa jambo asilolijua, na hatulii. Wengi hufika zahanati wakilalamika kichwa, mgongo au tumbo. Hupewa dawa ya maumivu, na baada ya siku chache hurudi na malalamiko yale yale. Wasiposema kilichomo moyoni, mganga hawezi kukijua. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Majirani zetu wa Uganda walifanya nini?

Wilaya za Rakai na Masaka ziliumizwa sana na UKIMWI. Watu wa huko walikuwa na majina yao ya Kiganda kwa hali hii: moja lenye maana ya kujichukia, jingine la kujihurumia. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno, na dawa zilikuwa ghali. Hivyo mwaka 2002, katika vijiji 30, watafiti walijaribu njia nyingine. Walichagua wenyeji wasio waganga, wakawafundisha kwa wiki mbili, kisha kila mmoja akaongoza kikundi kidogo cha wagonjwa. Wanaume walikaa peke yao na wanawake peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 waliochunguzwa walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji visivyo na vikundi nako kulikuwa na nafuu, lakini ndogo: kutoka 94 hadi kama 55. Walipopimwa tena baada ya miezi sita, nafuu ya wanakikundi ilikuwa bado ipo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikundi vya namna hii, wenye mikutano 8 tu.

Kikundi hutibuje?

Kwanza, kila mmoja huelezwa kwamba anaumwa. Si mvivu, wala hajarogwa. Pili, hutafuta ugonjwa wake ulianzia wapi. Kwa kawaida chanzo ni kimojawapo cha haya manne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke. Tatu, wenzake humsaidia kutafuta hatua moja ya kujaribu wiki hiyo. Tuseme mama mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake. Kikundi hakiwezi kumrudishia shamba. Lakini kinaweza kumsaidia kuamua ni mzee gani wa ukoo atakayemwendea, na atamwambia nini. Wiki ifuatayo huulizwa: ulikwenda? Ilikuwaje? Mwishoni kikundi huagana, na kila mmoja hujua dalili za kumwonya ugonjwa ukirudi.

Je, si sawa na jumuiya?

Jumuiya zetu ndogo ndogo hufariji wafiwa na kuchangia msiba. Hiyo ni baraka, nasi tusiiache. Lakini kikundi cha tiba kina watu wachache waliopimwa, kiongozi aliyefundishwa na kusimamiwa na mtaalamu, na siku ya kumaliza. Tena kina sharti moja: la kikundini hubaki kikundini. Siri ikitoka, hakuna atakayesema tena.

Tufanye nini?

1. Ukiona dalili hizi kwako au nyumbani, nenda zahanati au kituo cha afya. Useme wazi: "Sina raha, silali." Uliza pia kama kuna kikundi au mshauri.

2. Usimwambie mgonjwa "jikaze". Kaa naye, msikilize, msindikize.

3. Aliyepewa dawa za sonona asiziache bila kumwuliza mganga, hata akijisikia nafuu.

4. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni sumu za shambani, kamba na visu karibu naye, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

5. Viongozi wa kigango na wa kijiji wanaweza kumwendea mganga wa zahanati na afisa ustawi wa jamii, wakaulizana nani afundishwe kuongoza kikundi. Kule Rakai na Masaka walioongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa, na waliokubali kusikiliza.