Kufundisha Majira ya Mvua kwa Bustani ya Shule

Somo la majira ya mwaka hufundishwa mapema katika shule zetu za msingi, nalo ni miongoni mwa masomo yasahaulikayo upesi. Mwanafunzi hukariri kwamba mvua za vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Akiulizwa katika mtihani hujibu barabara. Lakini akikabidhiwa jembe na kibaba cha mbegu, na kuulizwa kama leo ni siku ya kupanda, hana la kusema. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuziba pengo hilo kwa kutumia bustani ya shule.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja mkoani Morogoro, tulishuhudia jambo lililotufunza sisi wakufunzi kuliko wanafunzi. Wiki ya kwanza ya Machi mvua ilinyesha jioni mbili mfululizo. Ratiba ya kazi za shamba ilisema mahindi yapandwe wiki hiyo, na darasa zima likapanda. Mtoto mmoja alisema kwamba bibi yake alikuwa hajapanda, kwa kuwa ardhi ilikuwa bado kavu chini. Akajibiwa kuwa kitabu kinasema Machi ni masika. Kisha jua likawaka kwa zaidi ya wiki mbili. Miche michache iliyochomoza ikanyauka, na shule ikalazimika kununua mbegu mara ya pili. Nasi tuliokuwa tukisimamia hatukuwa tumesema neno.

Kosa halikuwa la kitabu wala la ratiba. Kosa letu lilikuwa kudhani kuwa majira ni tarehe.

Sababu za majira

Mwalimu hana budi kuanza na sababu. Jua la utosini huvuka ikweta kila mwaka karibu na tarehe 21 Machi likielekea kaskazini, na karibu na tarehe 23 Septemba likirudi kusini. Palipo na joto kali hewa hupanda juu, na pepo zenye unyevu hukimbilia hapo kutoka pande zote mbili. Hapo ndipo hutokea ukanda wa mawingu na mvua, ambao hulifuata jua ukichelewa kwa majuma kadhaa. Ukanda huo ukipita kuelekea kusini huleta vuli, na ukirudi kaskazini huleta masika.

Sehemu zilizo karibu zaidi na ikweta, kama ukanda wa Ziwa Viktoria, Kilimanjaro na pwani ya kaskazini, hupitiwa mara mbili, kukiwa na muda wa kutosha katikati. Ndiyo maana zina misimu miwili ya mvua. Lakini Dodoma, Mbeya na Songea ziko kusini zaidi. Huko mapito hayo mawili hukaribiana hata kuwa msimu mmoja, ambao aghalabu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mwalimu wa Songea anayekaririsha vuli na masika bila maelezo haya anawafundisha watoto majira ya watu wengine.

Tena hata mkoa mmoja hauna mvua moja. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, hupanda, hupoa na kumwaga maji yake hapo. Zivukapo kilele zimekwisha kupungukiwa na unyevu. Kwa hiyo miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi mno, na migomba na miti ya viungo hustawi, hali upande wa magharibi umo katika kivuli cha mvua. Ramani ya nchi nzima haiwezi kumwambia mtoto mvua inyeshayo mlangoni pake. Yampasa aipime mwenyewe.

Mashaka ya siku ya kupanda

Mkulima akipanda mapema mno, mbegu huota kwa unyevu wa juu tu, kisha hufa. Lakini akingoja mno, hasara humfuata upande wa pili. Mahindi ya muda wa kati huchanua takriban siku 60 baada ya kupandwa, na huo ndio wakati yanapohitaji maji kuliko wakati wowote mwingine. Yaliyopandwa tarehe 20 Machi huchanua karibu na tarehe 19 Mei, mvua zikiwa bado zipo katika miaka mingi. Yaliyopandwa wiki tatu baadaye huchanua Juni, kiangazi kimeingia. Mmea huwa mrefu na wa kijani, lakini gunzi huwa na punje za kuhesabika. Hatari hizi mbili zapaswa kufundishwa pamoja, la sivyo tutawafundisha watoto woga wa kungoja badala ya busara ya kuchagua.

Aidha, wingi wa mvua peke yake hauelezi mavuno. Tuseme misimu miwili imeleta milimita 300 kila mmoja. Mmoja umezigawa kwa majuma kumi, na mwingine umezimwaga zote katika majuma matatu. Katika msimu wa pili mboji huchukuliwa na maji, nyanya hushambuliwa na ukungu, kisha mimea iliyobaki hufa kwa kiu.

Kazi ya bustanini

Kazi ya kwanza ni kutengeneza kipimamvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na mdomo ulio sawa na kitako latosha. Lifungwe juu ya kigingi mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa 3 asubuhi, ambayo ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa, mwanafunzi wa zamu apime kina cha maji kwa rula, aandike katika daftari, kisha ayamwage. Siku isiyo na mvua aandike sifuri. Sifuri hizo ndizo zitakazoonyesha urefu wa ukame katikati ya msimu.

Hapo somo la hesabu huingia lenyewe. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita ya mraba. Bustani ya mita 5 kwa mita 4 ikipata milimita 15, imepokea lita 300, yaani madebe 15 ya lita 20. Mtoto aliyewahi kubeba debe moja kutoka kisimani ataelewa thamani ya mvua hiyo.

Kazi ya pili ni kuchimba. Baada ya kila mvua wanafunzi wachimbe kishimo, wapime kina cha udongo uliolowa, na kukiandika kando ya kipimo cha mvua.

Kazi ya tatu ni kupanda katika vipande vitatu vilivyo sawa, kila kimoja mbegu 100. Cha kwanza kipandwe baada ya mvua ya kwanza, cha pili udongo ukilowa kupita kina cha mbegu na mvua ikarudia, na cha tatu wiki mbili baada ya hicho. Wanafunzi wahesabu miche iliyoota, siku ya kuchanua na uzito wa mavuno. Mwaka mmoja hautoshi kutoa hukumu, kwa hiyo daftari lisitupwe darasa likihitimu, bali lirithiwe na darasa lifuatalo.

Wazee na wataalamu

Wanafunzi waulize nyumbani dalili za mvua zinazotumiwa na wazee: kuchipua kwa miti fulani, mwelekeo wa upepo, joto la usiku. Wasizikubali wala kuzidharau bila kuzipima. Waziandike kwa tarehe, kisha waone mvua ilifuata lini. Kadhalika wasikilize utabiri wa msimu utolewao na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri huo hutazama mbali kuliko macho ya kijiji. Joto la bahari likizidi upande wetu wa Bahari ya Hindi, vuli yaweza kuwa na mvua kubwa mno, kama ilivyotokea mwaka 1997, 2019 na 2023. Mzee hawezi kuliona joto hilo akiwa uani kwake, na mtaalamu naye hajui udongo wa uani humo.

Ndugu walimu, wazazi wengi hupanda mbegu waliyoinunua kwa fedha ya mwisho. Mtoto wao akirudi nyumbani na daftari lenye vipimo vya misimu mitano, atakuwa na neno la kusema siku mvua ya kwanza itakaponyesha. Na akisema kwamba bibi yake hajapanda, jambo la kwanza kwetu na liwe kumwuliza kwa nini, kisha kwenda naye shambani na jembe kutazama.