Mbwa wetu na mgongo wake

Mbwa wetu amelegea tena miguu ya nyuma, mara ya tatu sasa. Majirani wanasema tumuue. Sisi hapana: amelinda mbuzi zetu miaka sita hapa Nakivale.

Daktari wa wanyama kule Mbarara alitueleza: kati ya pingili za mgongo kuna visahani laini, kimoja kikichomoka kinabana mishipa ya fahamu. Akipona, kingine chaweza kutoka.

Dawa kubwa ni kutulia. Wiki nne tunamfungia kwenye zizi dogo, hata akilia namna gani. Tunamtoa kukojoa tu, tumbo tumelishika na kitenge. Panadol na ibuprofeni za watu tusimpe, zaweza kumuua. Ukimbana sana kidole asilie wala asigeuke, mpeleke siku ileile.

Ila mbwa anayelegea huku anatoka mate na amebadilika tabia, usimguse. Hicho chaweza kuwa kichaa. Watoto wakae mbali, mwambie mwenyekiti wa kijiji.